Sijakula Tangu Asubuhi

Nikiingia nyumbani kwa mtu siku hizi na mwenye nyumba akainuka kuwasha jiko, namwambia akae. Sitaki chai. Nalisema hilo kwa ukali, na najua nikitoka wanasema nina madharau. Waseme. Wamesema mengi juu yangu hapa mtaani Ngoingwa, na hilo la madharau ndilo dogo kuliko yote.

Kubwa lilikuwa kwamba nilimnyima mama mkwe wangu chakula.

Niliolewa katika boma hili nikitoka upande wa Matuu, kwetu Ukambani, ambako tunakula muthokoi, yale mahindi yanayotwangwa mpaka ngozi ikatoka. Mama mkwe alikionja chakula hicho mara moja, akaweka kijiko chini na kuniuliza kama kwetu watu hawana meno. Yeye ni Mkikuyu wa Thika, mwanamke wa mukimo, vile viazi vinavyopondwa pamoja na mahindi na majani, na wa njahi, yale maharagwe meusi ya heshima, na kwenye harusi za mtaa huu hakuna aliyethubutu kushika mwiko kabla yake. Hakunipenda. Mimi pia sikumpenda. Tulizungumza Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama yake wala ya mama yangu, na kwa Kiswahili hicho cha kuazima tuligombana miaka mingi juu ya chumvi, juu ya makaa, juu ya namna ya kukata mboga ya sukuma. Nilimwita maitu, yaani mama kwa lugha yao, kwa sababu ndivyo bwanangu alivyomwita. Yeye aliniita "wewe".

Kusahau kwake kulianzia jikoni. Alitia chumvi, akageuka, akatia tena. Alibandika githeri, mahindi na maharagwe, akaenda kukaa juani mpaka jirani akaja kutuambia kuna moshi. Siku moja alitia majani ya chai kwenye supu, akaipakua na kutuangalia kwa macho makali, akingoja tulalamike. Tulikula. Bwanangu alikula mpaka akamaliza, na akasema ilikuwa tamu.

Huyo ndiye bwanangu. Ni fundi wa mitambo kiwandani huku Thika, anafanya kazi kwa zamu, na ni mtu mwema sana. Wema wake umenichosha.

Tulimpeleka mama kliniki mjini. Daktari alikuwa kijana mpole, akatuambia kwamba mama ana ugonjwa wa sukari, na kwamba usahaulifu wake hautapona. Lakini, akasema, anachokula kila siku kinaweza kuuharakisha au kuupunguzia kasi, maana sukari ikipanda na kushuka kichwa nacho kinavurugika. Ale kwa wakati. Ale mboga, maharagwe, nduma kiasi. Vitu vitamu aache, na chai anywe bila sukari. Halafu akaniangalia mimi, si bwanangu, na kusema kwamba wakati wa chakula tumpakulie yeye kwanza, apate dawa yake kwa wakati, wengine ndio wafuate. Nilikubali. Hata bila daktari, mtu mzima hupakuliwa kwanza. Kwetu tumelelewa hivyo, na kwao pia.

Basi nikaanza. Asubuhi nilimpikia uji wa wimbi bila sukari na kipande cha nduma. Saa sita nilimpa mboga za terere au managu na githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi. Niliketi mbele yake mpaka amalize, kwa sababu nilitaka kuona sahani ikiwa tupu kwa macho yangu. Aliimaliza. Niliiosha. Na kabla sahani haijakauka alikuwa amesimama getini, shali mabegani, akimwambia kila anayepita barabarani: "Sijakula tangu asubuhi."

Mkono wangu bado ulikuwa na sabuni.

Hapa ndipo chai inapoingia. Mtaani kwetu hakuna mtu anayeruhusiwa kufika mlangoni na kuondoka hivi hivi, sembuse mama mzee. Atapewa chai, na chai hiyo ni ya maziwa, iliyochemshwa pamoja na sukari ndani ya sufuria, mgeni haulizwi. Itakuja na mkate uliopakwa siagi. Kukataa ni kumtukana mwenye nyumba. Mama mkwe alitoka getini kwangu akaenda kwa jirani wa geti la buluu, akapewa kikombe na mkate. Akatoka hapo, akasahau, akaenda kwa mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona. Huko nako hajakula tangu asubuhi. Kisha akaenda kwa mwenye duka. Kila nyumba ilimpa kikombe kimoja tu, na kila mwenye nyumba alijiona ndiye peke yake aliyemwokoa. Alirudi nyumbani akiyumba, jasho usoni, macho yamezama, akanikuta mimi na githeri yangu na kuniuliza mimi ni nani na nafanya nini jikoni kwake.

Nilikwenda kwa jirani wa geti la buluu. Nilikwenda kwa heshima, siku hiyo ya kwanza bado nilikuwa nayo.

"Naomba usimpe chai," nilimwambia. "Ana sukari."

"Ai! Sasa mimi nifukuze mama mzee kwa mlango yangu? Kikombe moja ya chai itamfanya nini?"

"Sio kimoja. Anapita kila nyumba. Na amekula, mimi nimempa."

"Yeye anasema hajakula."

"Anasahau."

Akanipima kutoka kichwani mpaka kwenye ndara zangu. "Mtu anasahau jina. Anasahau ufunguo. Lakini mtu atasahau aje tumbo yake, mama? Njaa haina kusahau."

Nilirudi kwenye vyombo vyangu. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hata mimi, nikiosha sahani ile, niliona maneno yake yana akili. Mtu aliyeshiba anawezaje kusimama barabarani na uso ule? Mama mkwe hakuwa akiigiza. Alikuwa na njaa kweli, machoni, mdomoni, mikononi. Ungempita ukamwacha hapo getini, usingelala vizuri.

Kwa hiyo walimwamini yeye. Katika kikundi cha akina mama kanisani, mmoja alisimama akafumba macho na kuwaombea wazee wanaolala njaa katika nyumba zenye unga. Hakutaja jina. Nilisema amina kwa sauti kuliko wote, nikafumbua macho, nikawakuta wengine nao wamefumbua, wananitazama.

Na hao hao kila mmoja alikuwa na dawa ya kichwa cha mama. Mmoja aliniletea manjano nimtilie kwenye maziwa. Mwingine alisema nisage kokwa ya avokado. Wengine walinitumia kwa simu habari za mbegu za maboga, za samaki, za majani ambayo ukiyachemsha mzee anakumbuka mpaka siku aliyobatizwa. Walinifundisha chakula cha ubongo huku chai yao ya sukari ikizunguka mwilini mwa mama mkwe wangu. Nilipokea manjano, nikasema asante, nikayatia kwenye pipa la taka mbele ya mlango ambapo aliyeyaleta angeyaona akipita.

Nilifunga geti kwa kufuli. Nilifunga siku moja tu. Mama mkwe alishika vyuma vya geti akalia kwa sauti kubwa, na watu wakasimama barabarani kutazama. Bwanangu alirudi kutoka kazini akakuta umati, akafungua, akawaomba watu radhi. Aliwaomba radhi wao. Mimi hakuniomba.

"Wacha waseme," aliniambia tukiwa ndani. "Watachoka."

"Wewe husemwi."

Akachukua gazeti. Wema wake ndio huo.

Wifi yangu, dada wa bwanangu, anaishi Ruiru, mtaa wa Gitothua, katika ploti ya vyumba vya kupanga, na anauza nguo za mitumba katika soko la Githurai 45. Ndiye kitinda mimba. Katikati yake na bwanangu kulikuwa na kijana mwingine aliyefariki kabla sijaolewa, na ambaye sijawahi kumwona isipokuwa kwenye picha ukutani. Wifi alikuwa akija mara chache, akiwa na haraka, akinukia marashi. Jumapili hiyo alikuja bila kupiga simu. Mtu alikuwa amempigia yeye.

Mama mkwe alikuwa ametoka tu mezani. Sahani yake ilikuwa bado pale, imebaki kikonyo cha mboga. Alipomwona binti yake alimshika mikono yote miwili na kumwambia, mbele ya sahani hiyo: "Sijakula tangu asubuhi."

Wifi aliweka mezani mfuko wake: mandazi, mkate mweupe, chupa kubwa ya soda. Akanigeukia.

"Kwani wewe unamfanyia mama yangu nini?"

"Amekula sasa hivi. Sahani ndiyo hiyo."

"Sahani ya nani? Mama amekonda hivi, na wewe umenona hivyo, halafu unanionyesha sahani? Haki ya Mungu, kwetu hata mbwa inalishwa."

"Muulize ndugu yako."

Sote wawili tukamtazama bwanangu. Alikuwa akitazama dirisha. Akasema kwamba mama ni mgonjwa, kwamba sote tumechoka, kwamba tusipandishe sauti kwa sababu ya majirani. Sikuwahi kumchukia mtu kwa uzito ule, na ni mtu niliyezaa naye.

"Namchukua," wifi akasema. "Atakaa na mimi. Mimi ni damu yake."

Nilimfungia mama mkwe nguo zake. Nilimwonyesha wifi dawa na kumwambia za asubuhi ni hizi na za jioni ni hizi, na kwamba chai iwe bila sukari. Alinisikiliza akiwa amenipa kisogo. Gari alilokuja nalo lilipotoka getini, mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, tayari ana andazi mkononi, anatafuna na kutabasamu. Jirani wa geti la buluu alikuwa nje, anafagia mahali palipokuwa safi.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilipika muthokoi wiki nzima. Nilikaa kitini mwake juani. Lakini furaha hiyo haikukaa, kwa sababu mtaa ulikuwa umepata ushahidi wake. Mama mzee ameokolewa. Amechukuliwa na binti yake kutoka mikononi mwa yule mwanamke wa Matuu. Nikienda dukani mazungumzo yalikatika. Nilielewa hesabu ilivyokaa: mama mkwe akifia Ruiru, basi mimi nitakufa nikiwa mwanamke aliyemnyima mama mkwe chakula, na watoto wangu, ambao wako mbali wanatafuta maisha, watakuja kunizika wakisikia hilo. Hakuna kesi ya kukata rufaa. Mtu mmoja tu angeweza kulisafisha jina langu, na mtu huyo hakukumbuka mimi ni nani.

Kisha wifi akapiga simu.

"Unajua anaambia watu wa ploti nini?" Hakunisalimu.

Nilijua. Lakini nilitaka kulisikia kutoka kinywani mwake. "Anawaambia nini?"

"Ati hajakula tangu asubuhi! Ati mimi naenda soko namwachia njaa! Mimi! Keateka wa nyumba amekuja kuniuliza kama mimi ni mtu mzuri!"

Nilicheka. Sikuweka mkono mdomoni wala sikuisogeza simu. Nilicheka mpaka akakata.

Hakupiga tena mpaka mama alipoanguka. Alikuwa ameanguka kwenye bomba la maji la ploti, baada ya siku nyingi za mandazi na soda na chai ya kila mlango katika ile korido, maana Gitothua nako watu wana roho nzuri. Sukari ilikuwa imepanda sana. Alilazwa hospitalini huko Ruiru, na alipofumbua macho alimwambia binti yake, bila kumtambua, amwitie binti yake. Wifi aliniambia hayo akilia. Alitaka nimchukue mama.

Nilimwambia nina sharti moja. Siku ya kumrudisha, kabla ya kuingia kwangu, asimame kwenye geti la buluu na amwambie jirani yule, kwa kinywa chake, kwamba mama alimsema yeye pia. Hilo tu. Alikubali haraka, jinsi mtu anavyokubali akiwa na shida. Siku ilipofika, gari lilipita geti la buluu bila hata kupunguza mwendo. Wifi alimshusha mama, akaweka mfuko wa nguo kwenye ngazi na kusema anawahi soko. Hakuniangalia. Nilisimama pale na mama mkwe, ambaye alikuwa amepungua kweli sasa, na kabla sijamshika mkono akasema: "Sijakula tangu asubuhi."

Turudi jikoni, maana huko ndiko jambo lilikotokea.

Siku chache baada ya kurudi kwake nilikuwa nimeponda mukimo. Bwanangu alikuwa nyumbani, amepumzika baada ya zamu. Nilikuwa nimepanga sahani juu ya meza ya jikoni, karibu nimpakulie mama yake kwanza kama kawaida, mtu wa maji akaita getini. Nilitoka kumfungulia, tukabishana kidogo kwa sababu mitungi yake ilikuwa michafu. Niliporudi, mama mkwe alikuwa ameshika mwiko.

Niliogopa atajiunguza. Nilinyoosha mkono niuchukue.

"Ondoka hapo, unanizuia," akasema.

Sauti hiyo nilikuwa sijaisikia kwa muda mrefu. Ndiyo sauti iliyoniuliza juu ya meno ya watu wa kwetu. Niliondoka. Akachota bonge la mukimo, akalilaza kwenye sahani, akalitengenezea shimo kwa mgongo wa mwiko na kutia mchuzi, akamwita bwanangu: "Wewe kijana, kuja uchukue." Bwanangu, mwenye mvi kichwani, akaja na kupokea kwa mikono miwili. Mama akapakua sahani ya pili na kuifunika kwa sahani nyingine. Akapakua ya tatu, akaifunika pia. Ndivyo mama wa hapa anavyomwekea mtoto ambaye hajafika nyumbani. Kisha akavuta kigoda, akaiweka sufuria katikati ya magoti, na kuanza kukwangua. Alikula kilichobaki pembeni, kisha cha chini, kisha ukoko. Alikula polepole, kwa utaratibu, mpaka sufuria ikalia kwa ule mlio wa chuma kitupu.

"Nimeshiba," akasema.

Nilimfuata kwa macho nikingoja aende getini. Alikwenda kwenye kiti chake juani na kulala usingizi mpaka jua likahama.

Nilifikiri ni bahati. Kesho yake nilimpa mwiko kwa makusudi. Akafanya vile vile: sahani ya mwanawe, sahani mbili zilizofunikwa, kigoda, sufuria. Nimeshiba. Ikawa hivyo siku iliyofuata. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilipoelewa nilikasirika kuliko siku zote.

Mwanamke yule alikula mwisho maisha yake yote. Aliwapakulia wote, akawawekea wasiofika, kisha ndipo akakaa na sufuria. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya chakula kuingia tumboni mwake: kwanza sauti ya watoto wakila, halafu mwiko, halafu ukoko. Sisi tukamketisha mezani na kumpakulia wa kwanza, kwa heshima zetu. Tulimpa sahani ya mgeni. Alikula, ndiyo, lakini watoto walikuwa bado, na kama watoto bado, basi mama hajala. Njaa aliyoibeba kwenda getini ilikuwa ya kweli, na ilikuwa ni sisi tulioipika. Daktari hakujua. Waliobeba manjano hawakujua. Mimi niliyeishi naye jikoni moja miaka yote hiyo, nikigombana naye juu ya chumvi, na mimi sikujua, kwa sababu hakuna anayemtazama mama akila. Ukiwa umeshapata sahani yako, unatazama sahani yako.

Sasa msinihurumie mapema. Nilipika vyakula vile vile alivyosema daktari, nikavitia kwenye sufuria ndogo ili kinachobaki kiwe kipimo chake. Akapunguza kwenda getini. Hakupona, na majina yaliendelea kumtoka moja moja, lakini jasho liliisha na miguu ikashika ardhi. Na mtaa, je, uliniomba radhi? Jirani wa geti la buluu alipita siku moja akamkuta ameshika mwiko mlangoni, akamwuliza kama amekula.

"Nimekula."

"Nani amekupikia, shosho?"

"Si ni mimi mwenyewe?" mama mkwe akajibu kwa fahari. "Kwani kuna mwingine?"

Kufikia Jumapili kanisa lote lilijua kwamba sasa ninampikisha mama mzee mgonjwa huku nimekaa. Nilikuwa nimetoka kwa mnyimaji nikawa mvivu. Naona hapo nilipandishwa cheo.

Lakini hayo ya mtaa nilikuwa nimeanza kuyazoea. Lililonikata lilikuwa jikoni kwenyewe. Sahani zilikuwa tatu: ya mwanawe mkubwa, ya binti yake, na ya yule kijana wa kwenye picha. Yangu haikuwepo. Katika nyumba aliyoikumbuka, mimi nilikuwa bado sijaolewa. Nilichuma mboga mimi, nikachemsha maharagwe mimi, nikaponda mimi, kisha nikampa mwiko na kusimama kando ya sinki, na mwiko ukanipita kila siku. Nikijaribu kusogeza sahani yangu aliirudisha kwenye rafu, kama mtu anayepanga vyombo. Ningeweza kula kwenye hizo zilizofunikwa, lakini ya marehemu sikuiweza, na ya wifi sikuitaka. Nilingoja amalize, alale, nijichemshie yai. Iliniuma. Nilikuwa nimeitwa mnyimaji wa chakula mtaa mzima kwa sababu ya mtu ambaye alininyima chakula kila mchana, chakula changu, kwa mkono wake, bila hata kujua.

Wifi alikuja tena Jumapili moja. Hakuleta mandazi. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akisubiri nimtukane, na mimi sikumtukana kwa sababu kumwacha asubiri kulinipendeza zaidi. Chakula kilipoiva nilimkabidhi mama yake mwiko. Mama akampakulia bwanangu. Kisha akamtazama wifi, mwanamke mwenye kucha za rangi na simu mbili, akamwambia: "Na wewe uko hapa leo. Nawa mikono. Kaa chini, usimwage." Akampa kidogo, kipimo cha mtoto. Wifi alikipokea na kukaa, na nikaona machozi yakiingia kwenye mukimo. Mama akaifunika sahani ya kijana wake. Akavuta kigoda.

Wifi alitazama meza, akatazama sinki nilipokuwa nimesimama.

"Na wewe?" akaniuliza. "Sahani yako iko wapi?"

"Muulize mama yako."

"Hajakupakulia?"

"Hajawahi."

Sijui alifikiria nini. Alishuka kitini, akachuchumaa karibu na kigoda. "Maitu," akasema, "huyu je? Huyu umesahau kumpea."

Mama mkwe aliinua kichwa kutoka kwenye sufuria na kunitazama. Alinitazama muda mrefu, kwa uso wa kukereka, kama vile anaulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. 

"Sahani ya nini?" akamwuliza binti yake. "Huyu si mtoto. Huyu ndiye anapika. Mwenye kupika anakula mwisho, na mimi." Akanigeukia. "Wewe, unasimama nini hapo kama mgeni? Siku zote nakungoja, hukai."

Kulikuwa na kigoda kingine chini ya meza, kile cha kukalia ukimenya viazi. Alikivuta kwa mguu mpaka kikagonga cha kwake. Akaigeuza sufuria, upande wenye ukoko mwingi ukaja kwangu, akaupiga mwiko pembeni mara moja, jinsi anavyofanya akiwa amechoshwa na mtu.

Wifi alikuwa analia waziwazi sasa. Bwanangu aliacha kutafuna. Nilitaka kumwambia mama mkwe mambo mengi, niliyapanga kichwani kwa miezi mingi, na hakuna hata moja lililokuja. Nilikaa. Magoti yetu yaligusana. Ukoko ulikuwa umeungua kidogo, na ningekuwa na nguvu ningemwambia ni kwa sababu ya makaa yake mengi. Nilikula tu, kwa vidole, haraka, kwa sababu sikuwa nimekula tangu asubuhi.